Honi Tatu za Basi la Feri

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi, na nasema hivyo bila kumwogopa mtu. Nimemwona mwalimu aliyenifukuza darasa la pili, akisema kichwa changu kimejaa uji, amesimama mlangoni mwa ofisi yangu na kofia mkononi, akiomba mwanawe awe kondakta wangu. Nimemwona meneja wa benki akitoka nje kwenye mvua kunifungulia mlango wa gari. Yale mabasi ya kijani yanayotoka Nyeri alfajiri kwenda Nairobi ni yangu. Kituo cha petroli pale Karatina ni changu. Sikubebwa na chama wala na baba mkwe, na wale tulioanza nao shule, waliosoma mpaka wakavaa miwani, wanangoja pensheni. Kwa hiyo mtu asinijie na habari za maajabu.

Lakini wiki iliyopita dereva wangu mmoja, kijana anayeishi Majengo hapa mjini, alichelewa kazini. Nilimwita nimpe maneno yake. Akasema walikuwa wamemzika mzee wa jirani na yeye alikuwa akisaidia kutoa vitu nyumbani. Aliponyoosha mkono kuchukua funguo za basi nikasikia harufu. Mpira mkuukuu, uliokauka, uliokaa na mafuta ya gari na vumbi kwa miaka mingi. Nikamuuliza ameshika nini. Akasema ilikuwa honi ya zamani, ile ya kuminya kwa mkono, iliyokuwa imetundikwa juu ya kitanda cha marehemu.

Nikamuuliza mzee mwenyewe aliitwa nani.

"Jina lake la kweli sikulijua mpaka jana wakati wa mazishi," akasema. "Sisi watoto wa Majengo tulikuwa tunamwita tu Likoni."

Nilimwambia aende kazini. Nikafunga mlango wa ofisi, na mimi si mtu wa kufunga mlango mchana.

Ninyi wa rika langu mnaijua honi ninayoisema. Tarumbeta ya shaba iliyojikunja kama mkia wa mbwa, na nyuma yake mpira mweusi mkubwa kama kibuyu cha maziwa. Ilikaa nje, kando ya dirisha la dereva. Ukiuminya ule mpira, honi ililia kama ng'ombe dume mwenye mafua, na mlima mzima ukajua basi limefika. Honi za siku hizi zinaimba nyimbo kama wasichana wa harusini. Nimepiga marufuku takataka hizo kwenye mabasi yangu.

Na kuna jambo lingine ambalo watoto wetu hawalijui, hata ukiwaambia wanacheka. Wakisikia basi la feri wanafikiri ni habari ya Mombasa. Hawajui kwamba hapa kwetu, chini ya Mlima Kenya, palikuwa na basi la feri. Liliondoka Nyeri asubuhi, likapita Karatina, likashuka Kagio kwenye joto na vitunguu, halafu likaendelea kushuka kwenye njia ya mavumbi mpaka mto Tana. Pale daraja lilikuwa limebebwa na mafuriko, na serikali, badala ya kujenga lingine, ikafunga mapipa matupu pamoja, ikapigilia mbao juu, ikavuta waya kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, ikaita kitu hicho feri. Wanaume wanne waliuvuta ule waya kwa mikono, wakiwa wamevua mashati. Basi la Nyeri liliishia upande huu. Basi la kutoka Thika liliishia upande ule. Ulikata tiketi moja, ukapanda mabasi mawili, na katikati ukaomba Mungu.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake, na huo utaratibu uliendeshwa kwa honi. Basi letu lilipofika juu ya mteremko lilipiga honi ya kwanza, watu wa feri wakaamka. Lilipofika chini kwenye mti wa mkuyu lilipiga ya pili, wakaingia kwenye mbao na kushika waya. Liliposimama ukingoni na kugeuza pua yake kuelekea nyumbani lilipiga ya tatu, na hapo ndipo walipovuta. Bila honi ya tatu hawakugusa waya. Sababu yake ilikuwa ya akili kabisa. Ukiwavusha watu na huku hawana basi, umewatupa porini na viboko. Honi tatu maana yake ilikuwa kwamba basi liko tayari na linawangoja.

Aliyeminya ule mpira hakuwa dereva. Alikuwa kondakta, na kondakta ndiye huyo Likoni.

Jamani, nilimdharau mtu yule. Nilikuwa mtoto wa miaka sita hivi, lakini dharau yangu ilikuwa ya mtu mzima. Alikuwa mtu wa pwani aliyefuata kazi bara, mwembamba, koti kubwa kuliko mwili, na domo ambalo halikufungwa kutoka Nyeri mpaka mtoni. Kila kitu chetu kilikuwa kidogo kwake. Mvua yetu ilikuwa mate tu, na chai yetu maji ya kunawia mikono. Feri yetu aliiita kitanda. Alisema yeye alikuwa kondakta wa mabasi ya mjini Mombasa, yale yanayopeleka watu kwenye feri ya Likoni, na kwamba feri ya Likoni inabeba magari, malori na ng'ombe, na watu wamejaa juu yake kama siku ya gulio. Wazee wetu walikuwa wanatazama dirishani ili wasimcheke usoni. Gari lipande juu ya maji?

Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likachosha. Alisema kule Likoni basi linaingoja feri. Basi lisilongoja feri si basi, ni lori la kabichi.

Na huyo mwenye maneno mazuri hivyo, wacha nikuambie alivyokuwa kwenye nauli. Kutoka mtoni mpaka Nyeri ilikuwa shilingi mbili na senti sabini. Nilimwona kwa macho yangu akimteremsha bibi kizee pale Kagio, na kapu lake la ndizi, kwa sababu alipungukiwa senti tano. Bibi alimwita mwanangu, akamwita baba, akamwita bwana mkubwa. Likoni akasema kampuni haina wajukuu. Akapiga bati kwa kiganja, basi likaondoka. Nikajiambia huyu ni mtu mbaya. Mtoto akishaamua hivyo amemaliza kesi.

Halafu ikaja Imajensi, ile hali ya hatari Wazungu waliyoitangaza dhidi ya wapiganaji wa msituni. Sitaki kuwachosha na yale tunayoyajua sote. Tulihamishwa kutoka mashamba yetu upande wa Giakanja, tukapangwa kama viazi ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, na kafyu ikiingia jioni ulikuwa huwezi hata kwenda chooni bila kufikiria risasi. Baba alichukuliwa asubuhi moja akiwa anakamua ng'ombe. Mama aliambiwa baadaye kwamba amevushwa maji, yuko kambini kwenye kisiwa.

Mimi nilielewa vizuri kabisa, kwa akili yangu. Maji ya kuvushwa nilikuwa nayajua, ni Tana. Ng'ambo ya maji palikuwa Mombasa, Likoni alikuwa amesema. Na aliyekuwa akiwapeleka watu kwenye maji kila siku ni nani? Ni yule yule mwenye domo. Kwa hiyo nilijua aliyemuuza baba yangu, na kwa muda wote ambao baba alikuwa kambini sikumwambia mtu.

Katika kipindi hicho ndipo walipoziua honi. Kulikuwa na bwana mdogo wa serikali, Mzungu mwenye magoti mekundu, ambaye alikuwa amefika kutoka kwao juzi tu. Aliwakusanya watu wa kijiji chetu akasema honi za mabasi ni ishara kwa watu wa msituni. Ati ng'ombe dume mwenye mafua akilia Tana, majenerali walioko Aberdare wanapata habari. Karani wake alitafsiri hayo bila kucheka, ndiyo maana akawa karani. Kila basi likaamriwa kung'oa mpira wa honi. Kwa kuwa feri ilihitaji ishara, wakaweka bendera. Kitambaa cheupe chenye pembe nyekundu, cha kupandishwa kwenye mlingoti upande wetu na mtu mmoja tu, koplo wa pale mtoni wa homgadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali. Feri yenyewe ikaamriwa ilale ng'ambo ile, chini ya askari wa serikali.

Huyo koplo aliitwa Gathua. Ninyi mnamjua hata kama hamkumjua, maana kila mtaa ulikuwa na wake. Kabla ya Imajensi alikuwa akichunga mbuzi za watu kwa malipo ya maziwa. Sasa alikuwa na kofia, bunduki na bendera, na ile bendera hakuiacha kwenye mlingoti hata siku moja. Akiishusha aliikunja akaitia mfukoni, akatembea nayo, akalala nayo. Watu wakivuka walivuka kwa huruma yake. Siku moja mama mmoja alipandisha nepi ya mtoto baada ya kuchoka kungoja, watu wa feri wakaja, na wote walichapwa viboko, mama na wavutaji. Tangu siku ile, watu wa feri hawakuvuta waya mpaka waione ile pembe nyekundu.

Basi mambo yakaharibika kama yanavyoharibika ukimpa mchunga mbuzi kazi ya saa. Basi linafika, bendera hakuna. Bendera inapanda, basi limeshaondoka kwa kuogopa kafyu. Watu wanaachwa ukingoni, jioni inaingia, wanakamatwa kwa kosa la kuwa ukingoni.

Sasa sikilizeni ya siku yenyewe. Habari zilifika kwamba baba ameachiliwa, na atakuja na basi la Thika mpaka mtoni. Karatasi yake ilitaka aripoti kwa chifu wetu siku hiyo hiyo kabla ya kafyu. Asipofika, amevunja sheria, anarudishwa kambini. Chifu mwenyewe alimwambia mama hivyo, na akaongeza kwamba yeye hatangoja hata dakika moja, maana anakula mapema. Mama akaomba pasi ya siku moja akamchukue. Akaipata kwa kulima shamba la mke wa chifu juma zima.

Tulishuka na basi la asubuhi. Mama alikuwa na nauli yetu ya kurudi imefungwa kwenye ncha moja ya leso, na ya baba kwenye ncha nyingine. Tulipofika mtoni alikwenda moja kwa moja kwa Gathua, akamsalimia kwa heshima zote, akamweleza. Gathua akaitazama ile leso. Mama akafungua ncha ya baba akampa. Gathua akasema asiwe na wasiwasi, basi la Thika likionekana tu bendera itapanda. Halafu akapanda baiskeli akaenda Kagio kula nyama ya mbuzi, na bendera iko mfukoni mwake.

Tuliketi kwenye mizizi ya mkuyu. Joto la kule chini mnalijua. Harufu ya tope, ya magunia ya katani yenye maji, ya kinyesi cha kuku waliofungwa miguu juu ya basi. Mimi nilikuwa natafuta bahari. Nilikuwa nimeambiwa ni bluu na kubwa, na niliyoyaona ni maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikaona hata hapo Likoni alidanganya.

Basi la Thika likaja ng'ambo ile, likashusha watu, likageuka, likaondoka. Walibaki pale watu kama kumi, na mmoja alisimama peke yake karibu na nguzo ya waya na furushi kichwani. Mama akasimama. Hakusema ni nani. Mtu kama yule, mwembamba hivyo, sikuona kwa nini asimamiwe.

Bendera hakuna. Mama akatazama njia ya Kagio, njia haina hata vumbi. Watu wa feri walikuwa wamekaa kwenye mbao zao kule, wanatazama mlingoti mtupu. Ukipiga kelele, maji yanakula sauti. Dereva wetu, mtu mzito aliyeogopa kila kitu, akawasha injini akasema saa nane imepita, yeye hafi kwa ajili ya mtu. Kama angeondoka saa ile angefika Nyeri kwa wakati, na mtu mwenye haraka angeweza kutembea mpaka kwa chifu kabla ya kafyu. Kama angechelewa, hakuna. Hilo hata mimi nililielewa, kwa sababu mama alikuwa amelisema njia nzima, kwa sauti ndogo, kama anayehesabu mishono ya kiondo.

Akamwendea Likoni. Niliwasikia, nilikuwa nimeshika nguo yake.

"Baba, ngoja kidogo. Yule ni bwana yangu. Asipovuka leo wanamrudisha."

"Mama Wachira, mie nangoja. Dereva hangoji."

"Nilimpa koplo pesa ya bendera."

"Ulimpa ngapi?"

"Nauli yake yote."

Likoni alitema mate kando. Alitazama ng'ambo, akamtazama dereva, akatazama mlingoti. "Nyinyi watu wa bara," akasema, "mnamtilia mtu mfukoni kitambaa kimoja, kisha mnakaa chini mwalia." Akatia mkono ndani ya lile koti kubwa akatoa kitu cheusi.

Ulikuwa ule mpira wa honi. Wengine wote waliipeleka mipira yao kwa serikali. Yeye alikuwa ameuficha chini ya kwapa tangu amri itoke, na kumbe ndiyo maana siku zote koti lake lilinuka mpira. Akakanyaga ngazi ya basi, akaupachika kwenye shaba na kuuzungusha mpaka ukashika. Dereva akaanza kumwomba kwa jina la mama yake aache.

Akaminya. Ile sauti sikuwa nimeisikia karibu mwaka mzima. Kule ng'ambo watu wa feri wakasimama wote wanne kwa pamoja. Hawakushauriana. Miguu yao ndiyo iliyosikia.

Akaminya ya pili. Wakashika waya.

Na mimi hapo nikafanya hesabu yangu. Mzungu alikuwa amesema mbele ya kijiji kizima kwamba anayepiga honi anaita watu wenye bunduki. Baba yuko pale wazi, na huyu mtu anaita bunduki. Alimuuza mara ya kwanza, sasa anammaliza. Nikapanda ile ngazi nikamrukia mkono, nikauma hapa, chini ya kidole gumba, nikauma kama fisi. Nilisikia chumvi. Sijutii. Kwa habari nilizokuwa nazo, mtoto yeyote mwenye baba angeuma.

Hakunipiga, wala hakuutoa mkono. Alisema neno moja la pwani ambalo sitaliandika, na mkono wake ukiwa ndani ya meno yangu akauminya ule mpira mara ya tatu, polepole, mpaka pumzi yake yote ikaisha. Ile harufu ya mpira mkuukuu ikatoka ikanijaa puani na mdomoni. Ndiyo harufu niliyoisikia kwa kijana wangu wiki iliyopita.

Feri ikaanza kuja. Yule askari wa ng'ambo, mtu wa mbali asiyejua lugha ya kwetu, hakuwazuia. Aliipungia mkono ipite. Nafikiri alidhani amri imebadilika tena bila yeye kuambiwa. Serikali ile ilikuwa inabadilisha amri kama mtoto anayebadilisha mkono wa kubebea maji.

Mtu mwembamba akateremka na furushi lake. Akasimama mbele ya mama, na hawakushikana hata mikono. Mama akamwambia tu, "Ingia, tumechelewa." Mimi nilitafuta nyuma yake baba yangu mwingine, yule mnene.

Likoni alikuwa mlangoni, damu ikishuka mpaka kiwikoni. Nilingoja amteremshe. Mtu huyu hana nauli, na kampuni haina wajukuu. Likoni akamtazama baba kuanzia kichwani mpaka miguu mitupu, kwa dharau kabisa, kama alivyomtazama kila mtu wa kwetu.

"Panda, bwana," akasema. "Siku ukiwa nayo utanilipa."

Likoni walimteremsha Karatina. Gathua alikuwa ameisikia honi na mfupa uko mkononi, na alipiga simu kabla sisi hatujafika kwenye kizuizi cha barabarani cha pale. Homgadi wawili waliingia wakamshika mashati. Aliongea njia nzima kutoka mlangoni mpaka kwenye lori lao. Neno la mwisho nililolisikia lilikuwa lile lile, kwamba kule Likoni basi linaingoja feri. Kila mtu ndani ya basi alitazama miguu yake. Kampuni ilimfuta kazi, na baada ya miezi michache basi la feri likakoma, maana hapakuwa tena na mtu wa kuliunganisha na kitu.

Baba aliripoti kwa wakati. Chifu alikuwa bado anakula.

Nami nilikua nikijisifu kijijini kwamba nilimuuma msaliti na kesho yake hakuonekana tena. Watoto wenzangu waliniheshimu kwa hilo, na heshima ile ndiyo iliyonifundisha biashara. Baba alisikia na hakusema kitu. Alirudi kutoka kambini akiwa amemaliza maneno yake yote, na alikufa kabla sijanunua hata baiskeli.

Aliyeniambia ni mama. Siku niliponunua basi la kwanza nilimleta alione. Alilizunguka lote, akagusa kando ya dirisha la dereva, akauliza honi iko wapi. Nikamwonyesha kitufe cha ndani. Akasema basi langu ni zuri lakini ni bubu, kisha akanieleza mambo yote, na kwamba baba alikuwa akimtafuta yule mtu kila soko mpaka alipokufa. Nilimsikiliza kwa heshima. Nikajiambia yule mpwani atakuwa amekwisha kufa, ama amerudi kwenye feri yake. Baadaye nilikwenda Mombasa kununua spea. Nikaiona feri ya Likoni. Ilibeba magari, malori na ng'ombe, na mabasi yalikuwa yamepangwa foleni yakiingoja. Haikunishangaza. Nilisimama pale mpaka ikavuka mara nne.

Kumbe alikuwa Majengo. Kutoka ofisini kwangu ni mwendo wa kumaliza sigara moja.

Nilikwenda jioni ile ile. Nilibeba noti, nyingi, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyofanya. Nimenunua ardhi ya watu waliosema haiuzwi. Binti yake, mama wa makamo anayeitwa Zuhura, alinikaribisha kwa adabu, akaleta chai yenye iliki. Honi ilikuwa juu ya mkeka, katikati ya sufuria na mablanketi, ikingoja watu wa kugawana. Nikampa pole. Nikamwambia mimi ni mtu wa mabasi, ningependa kuinunua, ataje bei na mimi sitabishana. Hilo la kutobishana sijawahi kumwambia mtu.

Akasema haiuzwi. Baba yake aliichukua siku aliyofukuzwa, badala ya mshahara aliokatwa, na wenye mabasi wengine walishakuja kuitaka akawafukuza. Nikatoa noti nikaziweka juu ya mkeka. Hakuzitazama. Ikabidi nimwambie mimi ni nani. Nikasema mama yangu aliitwa Mama Wachira, na palikuwa na mtu ng'ambo ya Tana mwenye furushi.

Akaweka kikombe chini. "Ni wewe ulimuuma?"

Nikaanza kuzikusanya zile noti.

Akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, mtu mwenye msiba. Akasema nyumba ile ilikuwa imelelewa kwa hadithi hiyo. Kila mgeni alionyeshwa alama ya meno chini ya kidole gumba. Baba yake alikuwa akisema kwamba katika bara zima alikutana na mtu mmoja tu mwenye akili, na huyo hakuwa na meno ya mbele mawili.

"Mbona hakunitafuta?" nikasema. "Alijua ofisi yangu. Jina langu limeandikwa kwenye kila basi."

"Alikuwa akiyatazama hayo mabasi yako kila asubuhi, baba. Alisema hayana honi ya maana." Kisha akaichukua ile honi, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akaishika magotini. "Alituambia watu wa yule bwana wakija, wapewe. Lakini walipe kwanza ile nauli. Hiyo tu, isizidi."

Nikamsukumia noti ya chini kabisa niliyokuwa nayo. Akairudisha. Akasema hana chenji, na baba yake alikuwa mkali sana kwa mambo ya nauli. Nikatafuta mifuko yote ya suti. Mtu mwenye mabasi, mwenye kituo cha petroli, sikuwa na sarafu hata moja. Nilitoka nje nikaenda kwenye kibanda cha muuza sigara, nikanunua kiberiti nisichokihitaji, nikamwomba anivunjie noti, nikarudi na sarafu kwenye kiganja. Nikamhesabia mkononi, naye akazihesabu tena. Shilingi mbili na senti sabini.